Mhusika Akitukana, Aulizwe Mchezaji

*Michezo ya kuigiza uhusika humpa mtu ruhusa ya kuwa jambazi, mchawi au shetani kwa jioni nzima. Lakini mmoja akipitiliza hadi wenzake wakashindwa kucheza, nani awajibike, na kwa njia gani? Ubishi huu una umri wa nusu karne, na sasa umefika hadi kwenye vitabu vyenyewe vya mchezo.*

Usiku wa Jumatatu moja, Machi 1993, watu kadhaa walikuwa wamekusanyika sebuleni wakipiga soga. Sebule yenyewe ilikuwa maandishi matupu: chumba cha kubuni katika jumba liitwalo LambdaMOO, lililohifadhiwa ndani ya kompyuta ya maabara ya kampuni ya Xerox huko California. Wageni walikuwa watu wa kweli, kila mmoja kwake, wakichapa maneno na kuonekana kwa majina na sura walizojitungia.

Akaingia mhusika aitwaye Mr. Bungle, mchekeshaji wa sarakasi, mnene na mchafu. Alikuja na programu ndogo aliyoipa umbo la mwanasesere wa kiganga. Chochote alichochapa Bungle kupitia mwanasesere huyo kilitokea kwenye skrini za wote kana kwamba kimefanywa na mtu mwingine. Ghafla sebule nzima ikawa inasoma kwamba mhusika fulani anatendewa na kutenda mambo ya aibu ya kingono, kwamba mwingine anajiumiza na kufurahia. Wenye wahusika hao hawakuwa wamegusa kitufe. Walikaa wakijisoma.

Mwanamke mmoja wa Seattle, aliyecheza kwa jina la legba, aliandika kulalamika, kisha akadai Bungle afutwe. Baadaye alimweleza Julian Dibbell, mwandishi aliyelisimulia tukio hilo katika gazeti la The Village Voice mwezi Desemba mwaka huohuo, kwamba alipokuwa akiandika machozi yalikuwa yakimtoka.

Kukaitishwa mkutano, wakahudhuria kama watu 30. Bungle naye akafika. Utetezi wake ulikuwa kwamba mambo yale hayakuwa na athari yoyote katika maisha yake halisi. Watu wakabishana hadi wakachoka, muafaka hawakuupata. Kisha mmoja wa wasimamizi, ambao humo waliitwa wachawi, akaamua peke yake na kumfuta Bungle. Haukupita muda akaibuka mhusika mpya, Dr. Jest, na wengi wakaamini ni mtu yuleyule.

Aliyeumia alikuwa mtu, aliyeadhibiwa alikuwa mhusika. Pengo hilo ndilo linalowasumbua mpaka leo wachezaji wa michezo ya kuigiza uhusika, iwe ya kwenye kompyuta au ya kukaa mezani na marafiki.

MEZA, KETE NA MSIMULIZI

Mchezo mama wa aina hii ni Dungeons & Dragons, uliotolewa mwaka 1974 na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson. Kampuni iliyouchapisha, TSR, ilikuwa na makao katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, na toleo la kwanza lilikuwa nakala 1,000 tu. Leo mchezo huo ni mali ya Wizards of the Coast, tawi la kampuni ya Hasbro, ambayo husema kwamba zaidi ya watu milioni 50 wamewahi kuucheza. Tamthilia ya *Stranger Things*, iliyoanza mwaka 2016, iliwapelekea habari zake hata vijana ambao hawajawahi kuiona kete yenye pande 20.

Wachezaji wanne au watano hukaa pamoja. Kila mmoja hubuni mhusika wake: shujaa, mganga, mwizi, mchawi. Mmoja wao ni msimulizi, naye huicheza dunia yote iliyobaki, kuanzia mfalme hadi mbwa wa mlangoni. Msimulizi hueleza hali, wachezaji husema wahusika wao wanafanya nini, kete huamua kama jambo limefaulu. Hakuna mshindi. Kuna hadithi tu, nayo huweza kuendelea kila Jumamosi kwa miaka.

Uhuru huo ndio utamu wa mchezo. Katika karata huwezi kumtukana mtu kwa kucheza kopa. Hapa kila unachotamka kinaingia kwenye hadithi ya wote, na wenzako hawawezi kuendelea bila kukipitia.

HOFU YA KWANZA ILITAZAMA KWINGINE

Marekani ililiona tatizo mapema, ila ilipiga pasipo. Agosti 1979 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan State alipotoweka, magazeti yaliuhusisha mchezo huu na mkasa wake. Mwaka 1982 ikaja filamu ya televisheni, *Mazes and Monsters*, ambamo Tom Hanks akiwa bado kijana alicheza mwanafunzi anayepotelea ndani ya mhusika wake. Mwaka 1983 Patricia Pulling, mama aliyekuwa amempoteza mwanawe, aliunda jumuiya ya kuupinga mchezo, akiamini kwamba unawafunza watoto ushetani.

TSR ilijibu kwa kufanya usafi kwenye vitabu. Toleo la pili la mwaka 1989 liliondoa majina ya mashetani na kuwabatiza majina mengine ya kubuni. Likamwondoa pia muuaji wa kukodiwa na chotara wa orki, zimwi la kubuni, kwenye orodha ya wahusika ambao mchezaji angeweza kuwachagua.

Je, meza zilitulia? Hata kidogo. Mchezaji aliyetaka kumdhalilisha mwenzake hakuhitaji shetani wa kitabuni. Aliweza kufanya hivyo akiwa askari mtakatifu mwenye upanga wa nuru. Toleo la tatu lilipotoka mwaka 2000, mashetani walirudi kwa majina yao na muuaji naye akarudi.

> *Mchezaji aliyetaka kumdhalilisha mwenzake hakuhitaji shetani wa kitabuni.*

"MHUSIKA WANGU NDIVYO ALIVYO"

Muulize msimulizi yeyote mkongwe akutajie sentensi inayomchosha, atakutajia hiyo. Mchezaji ameharibu mambo, wenzake wamekasirika, naye anainua mabega: mimi sina neno, mhusika wangu ndivyo alivyo.

Mfano unaojulikana zaidi ni kender, jamii ya watu wafupi wachangamfu kutoka dunia ya Dragonlance, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1984. Kender hana dhana ya mali ya mtu. Akiona kitu kinang'aa mfukoni mwako atakichukua, na ukimkamata atashangaa kwa moyo mweupe kimefikaje kwake. Kwenye riwaya za Margaret Weis na Tracy Hickman tabia hiyo inachekesha, maana mwandishi ndiye anayeamua wizi uishie wapi.

Mezani mambo ni mengine. Chukua kundi la watu watano lililolala porini. Mwenye kender anamwambia msimulizi, "Natia mkono kwenye mkoba wa mganga." Kete inarushwa, inaangukia 17. Dawa ya uponyaji imehama. Mwenye mganga amesikia kila kitu, kwa kuwa amekaa hapohapo na glasi yake ya soda, lakini desturi ya mchezo inamtaka ajifanye hajui kwa sababu mhusika wake amelala. Kesho yake vitani anahitaji dawa, hana, mhusika aliyemlea kwa miezi minane anakufa. Mwizi anacheka. Ndivyo alivyo.

Msimulizi mwenye hasira hufanya kosa la kawaida hapa. Anatuma askari wa mji wamkamate kender, au joka limteketeze. Jioni nzima inakuwa kesi ya mtu mmoja. Wenzake waliokuja kucheza wanageuka watazamaji, na mkorofi anapata kile hasa alichokuwa akikitafuta: macho yote kwake. Akinyongwa leo, wiki ijayo anakuja na pacha wa marehemu.

Utetezi wenyewe una kasoro iliyo wazi. Mhusika hajaandikwa na Mungu wala na msimulizi. Aliyemtunga ndiye aliyekaa pale, na mtu aliyeweza kumtungia ulafi angeweza kumtungia pia sababu ya kuheshimu mkoba wa rafiki. Tabia ya mhusika ni uamuzi unaofanywa upya kila mchezaji anapofungua mdomo.

UOVU SI TATIZO

Kutoka hapo wengine hudhani dawa ni kupiga marufuku wahusika waovu. Historia ya mchezo haiwaungi mkono.

Mwaka huohuo wa 1984 kampuni ya West End Games ilitoa mchezo uitwao *Paranoia*. Humo wachezaji wanaishi ndani ya mji unaotawaliwa na kompyuta yenye wazimu, na kazi yao ni kusalitiana, kuchongeana na kuuana. Kila mhusika ana nakala za ziada za mwili wake kwa kuwa inatarajiwa atakufa mara kadhaa kabla ya chakula cha usiku. Watu huondoka mezani wamechoka kwa kucheka. *Vampire: The Masquerade* ya mwaka 1991 inakwenda mbali zaidi: mchezaji ni mnyonya damu, na maumivu ya kuwa zimwi ndiyo kiini cha hadithi. Michezo hii imependwa na watu tangu ilipotoka.

Tofauti iko kwenye makubaliano. Anayeketi kucheza *Paranoia* amekubali kusalitiwa kabla hajashika kalamu. Aliyeketi kucheza safari ya mashujaa watano wanaoaminiana hakukubali, na kumwibia ni kumbadilishia mchezo bila kumwuliza.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji somo refu kuhusu hili, kwa kuwa ana utani wa makabila. Mhehe anaweza kumwambia Mngoni maneno ambayo kutoka kinywani mwa mwingine yangeleta ngumi, na msibani mtani hufanya vituko ambavyo ndugu wa damu hawathubutu. Anaruhusiwa kwa sababu pande zote mbili zinalijua agano, na kwa sababu mtani wa kweli anajua pa kuishia. Mpita njia akijaribu maneno yaleyale hapati kusamehewa kwa kusema alikuwa anatania.

KITABU CHENYEWE KINAPOUDHI

Hadi hapa lawama ni ya mchezaji mmoja. Lakini kuna wahusika wanaoudhi ambao mchezaji hakuwatunga. Wameletwa na kitabu.

Kwa miongo kadhaa Dungeons & Dragons iliwaeleza maorki kama jamii nzima ya washenzi, na drow, watu wa chini ya ardhi wenye ngozi nyeusi, kama jamii iliyozama katika uovu. Ukikutana nao unaua, hakuna maswali. Juni 2020, Marekani ikiwa imefurika maandamano ya kudai haki kwa watu weusi, Wizards of the Coast ilitoa tamko ikikiri kwamba baadhi ya maelezo hayo yanafanana mno na jinsi watu wa kweli walivyodhalilishwa na wanavyodhalilishwa. Iliahidi kuwaandika maorki na drow kama watu wenye hiari, wema na wabaya. Iliahidi pia kuwarekebisha Wavistani, kundi la wasafiri katika kitabu *Curse of Strahd* cha mwaka 2016, lililobeba kejeli za zamani dhidi ya Waromani wa Ulaya.

Ahadi haikuzuia kosa jipya. Mwaka 2022 ilitoka seti ya *Spelljammer*, na ndani yake wamo hadozee, watu wenye umbo la nyani. Kitabu kilisimulia kwamba mchawi aliwakamata, akawapa dawa ya kuwaongezea akili, akakusudia kuwauza utumwani. Mchoro mmoja uliwaonyesha katika mkao uliowakumbusha wengi vichekesho vya kale vya Marekani ambamo wazungu walijipaka masizi na kuwaigiza watu weusi. Nyani, utumwa na vichekesho vya aina hiyo katika kurasa chache: Mwafrika yeyote aliyesoma hakuhitaji kuelezwa. Septemba 2 mwaka huo kampuni iliomba radhi na kuyafuta maelezo hayo. Katika kitabu kikuu cha wachezaji cha mwaka 2024 neno la zamani la "mbari" limeachwa kabisa, pakawekwa "spishi".

Kampuni ya White Wolf, wenye *Vampire*, ilijikwaa vibaya zaidi. Mwaka 2018 kitabu chake kimoja kiliyachukua mateso yaliyokuwa yakiwapata watu Chechnya wakati huohuo na kuyageuza kuwa kisingizio cha njama za wanyonya damu. Kukawa na kelele, sehemu hiyo ikaondolewa, na kampuni mama, Paradox Interactive ya Sweden, ikavunja uhuru wa White Wolf wa kuchapisha peke yake.

> *Jina la kubuni halifuti kumbukumbu ya mtu aliyeketi mezani.*

Haya si mambo ya Marekani na Ulaya pekee. Fikiria kundi la vijana wa Nairobi, Kigali au Bujumbura, au watoto wao walioko Toronto, wakisimuliwa kwamba kijiji cha jirani ni cha jamii iliyozaliwa mbovu na kazi yao ya leo ni kukisafisha, wakubwa kwa watoto. Anayesimulia anaona orki. Msikilizaji ambaye familia yake ilipita mwaka 1994 Rwanda, au aliyefukuzwa Bonde la Ufa baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, anaweza kuona kitu kingine kabisa. Jina la kubuni halifuti kumbukumbu ya mtu aliyeketi mezani.

KADI, MIPAKA NA MAPAZIA

Kwa miaka mingi ushauri uliotolewa kwa anayeudhika ulikuwa mmoja: vumilia au ondoka. Karne hii ikaja na zana.

Mwaka 2003 mbunifu Ron Edwards, katika kitabu cha nyongeza kwa mchezo wake *Sorcerer*, alipendekeza kutenganisha mipaka na mapazia. Mpaka ni jambo ambalo halitaingia kwenye hadithi kabisa. Pazia ni jambo linaloweza kutokea, lakini mezani halielezwi: mateka anateswa, pazia linashushwa, tunakutana naye asubuhi.

Mwaka 2013 John Stavropoulos wa New York akaandika kuhusu kadi ya X. Unachukua karatasi ngumu, unaandika X, unaiweka katikati ya meza. Yeyote akiona hadithi imefika mahali pasipovumilika anaigusa au anaiinua. Msimulizi anakata tukio hilo, anarudi nyuma kidogo au anaruka mbele, mchezo unaendelea. Aliyeigusa halazimiki kueleza sababu. Hapo ndipo penye uzito wake: mtu aliyeumizwa hatakiwi kufungua kidonda mbele ya hadhara ili apate haki ya kupumzishwa.

Mwaka 2019 kampuni ya Monte Cook Games ilitoa bure kijitabu kuhusu ridhaa katika michezo, chenye fomu ya kujaza: orodha ya mambo, kutoka buibui hadi ukatili wa kingono, na rangi tatu za kuchagua, kijani, njano na nyekundu. Mwaka uliofuata Dungeons & Dragons yenyewe, kupitia kitabu *Tasha's Cauldron of Everything*, ikaingiza rasmi kile ambacho wachezaji walikuwa wamekizoea kwa jina la kikao cha sifuri. Ni kikao cha kabla ya mchezo, ambamo kundi linakubaliana hadithi itakuwa ya aina gani, wahusika wanahusianaje na nini hakitakiwi.

Nchi za Nordiki, ambako watu huigiza kwa miili yao, wakivaa mavazi ya mhusika na kukaa naye msituni siku mbili tatu, zilikuwa zimeshatangulia kuweka maneno ya kusimamisha mchezo papo hapo. Huko hoja kubwa ni jinsi hisia za mhusika zinavyovuja na kuingia kwa mchezaji, na za mchezaji kwa mhusika. Mtu anaweza kumaliza mchezo wa kuachwa na mpenzi akabaki na huzuni ya kweli njia nzima ya kurudi nyumbani. Kwa wengi uvujaji huo ndio walioufuata, kama vile wengine wanavyokwenda kuangalia filamu ili walie. Ila anayeujua hawezi tena kusema kwamba yanayotokea mchezoni hayamgusi mtu.

WANAOPINGA WANA HOJA

Si kila mchezaji aliyezipokea zana hizi kwa mikono miwili. Fomu ya mwaka 2019 ilizua dhihaka nyingi, na wapinzani wake hawakosi mantiki.

Wa kwanza ni wale wanaosema hofu ndiyo bidhaa. Mchezo wa kutisha uliopimwa rangi tatu kabla ya kuanza, wanasema, ni sawa na kusomewa mwisho wa riwaya mlangoni. Msimulizi stadi husoma nyuso na kujua pa kusimama, na hakuna fomu itakayompa ustadi huo asiyekuwa nao.

Wa pili wanaihofia kadi yenyewe. Mtu mmoja akiweza kukata tukio lolote bila neno, je, hawezi kuitumia kukwepa kila anaposhindwa? Wengine wanaona ukimya huo unazuia mazungumzo ambayo watu wazima wangeweza kufanya wakamaliza.

Wa tatu wanaitazama kampuni kwa jicho la shaka. Maorki, wanasema, ni maorki. Anayemwona Mwafrika ndani ya zimwi la kijani ndiye mwenye tatizo. Kwao marekebisho ya vitabu ni hesabu ya mauzo iliyovikwa joho la maadili, na yanawanyima wachezaji adui wa kupambana naye bila kujiuliza maswali ya falsafa baada ya kazi ya siku nzima.

Hoja ya kwanza ina ukweli: zana haimfanyi mtu kuwa msimulizi mzuri. Lakini msomaji wa nyuso huona uso tu. Anayekumbuka jambo zito mara nyingi hunyamaza, anatabasamu, na wiki ijayo anatuma ujumbe kwamba amebanwa na kazi. Hoja ya pili inajibiwa na mazoea: anayetumia kadi kukwepa kushindwa ataonekana kwenye kikao cha pili, na kundi litazungumza naye kama lingezungumza na yeyote anayeharibu mchezo. Hoja ya tatu inasahau kwamba mchoro wa hadozee haukutafutiwa tafsiri na mtu mwenye kisasi. Ulibeba historia yake waziwazi. Kuhusu hesabu ya mauzo, huenda wana haki, ila sababu ya mfanyabiashara kusafisha duka haifanyi uchafu kuwa halali.

Kuna jambo moja ambalo pande zote husahau kulitaja. Wengi wanaozikataa zana wamecheza na marafiki walewale tangu shule. Wao wana makubaliano tayari, yaliyojengwa kwa miaka bila kuandikwa. Kundi lililokutana jana kupitia mtandao, mmoja Mombasa na mwingine Manchester, halina.

MSIMULIZI AKIWA NDIYE MKOSAJI

Mei na Juni 2019, jijini Birmingham, kulifanyika UK Games Expo, maonyesho makubwa ya michezo nchini Uingereza. Kwenye meza mojawapo, watu waliojiandikisha kucheza pamoja bila kujuana walijikuta wanasimuliwa kwamba wahusika wao, ambao ni vijana wadogo, wametendewa ukatili wa kingono. Hawakuwa wameambiwa mapema, na hakuna aliyewauliza. Safari hii mkosaji alikuwa msimulizi mwenyewe, mwenye dunia nzima mkononi.

Waandaaji walipopata malalamiko hawakumtaka abadilishe hadithi. Walizisimamisha meza zake zote zilizobaki na kumzuia kuongoza michezo kwenye maonyesho yao.

Linganisha na LambdaMOO. Kule hukumu ilimshukia mhusika, na mtu akarudi na sura nyingine. Ni baada ya vurugu hizo ndipo mwanzilishi wa jumba, Pavel Curtis, alipoweka utaratibu wa wakazi kupeleka maombi na kupiga kura, ili mambo mazito yasiamuliwe na mchawi mmoja usiku. Birmingham hukumu ilimwendea mtu moja kwa moja, na kutoka kwa chombo chenye mamlaka ya kuitoa.

Meza ya nyumbani haina kamati ya maonyesho, lakini haikosi mamlaka. Anayeongoza anaweza kusimamisha mchezo na kusema tupumzike dakika kumi. Anaweza kumwita mkorofi pembeni, mbali na wenzake, amwite kwa jina lake alilopewa na wazazi, asimwite kwa jina la mhusika. Atamwambia jambo moja mahususi lililotokea na kumtaka lisirudiwe. Hakuna haja ya kesi, wala ya kumlazimisha aliyeumia kutoa ushahidi. Wengi wakiambiwa hivyo hushtuka kwa dhati, walidhani wanachekesha. Hao hubadilika, na pengine mhusika wao hubaki mwizi yuleyule, ila anawaibia matajiri wa mji.

Asiyetaka kubadilika anaambiwa kwaheri. Hapa ndipo makundi mengi hushindwa, hasa pale mkorofi anapokuwa mwenye nyumba, mwenye vitabu au rafiki wa utotoni. Watu huona haya kumtoa mtu kwa ajili ya mchezo. Wanasahau kwamba kumwacha ni kuwatoa wengine polepole, na kwamba wa kwanza kuondoka kwa kawaida ni wale ambao tayari walikuwa wachache: msichana pekee, mgeni, kijana anayechezewa lafudhi yake.

Na msimulizi akiwa ndiye tatizo, wachezaji wasidhani hawana la kufanya. Hadithi yake yote inategemea watu wanne kukubali kusema "basi mimi nafanya hivi." Wakinyamaza, hana hadithi.

Kwa anayetaka kuanzisha kundi, kazi kubwa ni ya robo saa kabla ya kete ya kwanza. Tunacheza hadithi ya aina gani: ya vichekesho, ya vita, ya kutisha? Wahusika wetu wana sababu gani ya kuaminiana, au tumekubaliana wasiaminiane? Kuna jambo ambalo mtu angependa lisiingie humu, bila kuulizwa kwa nini? Majibu yaandikwe, karatasi ikae mezani. Mchezaji anayeona maswali hayo ni upuuzi ajibiwe kwa upole kwamba kuna meza nyingine. Kundi likimpoteza mmoja kwa sababu hiyo, Jumamosi ijayo bado lina mchezo. Likiwapoteza wanne kwa sababu yake, halina.